Bunduki ya Kwanza ya Mpwa Wangu

Nilikuwa askari wa wanyamapori kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilipostaafu nilirudi nyumbani kwangu Magomeni, hapa Mtwara mjini, nikiwa na magoti mabovu na bunduki moja ya mitutu miwili niliyoimiliki kihalali tangu ujana. Kwa hiyo mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliponipigia simu kuniambia anataka kununua shotigani, bunduki ya marisau kama ile yangu, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Shamba alilorithi kwa mama yake liko kule karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini. Ni shamba la mihogo na mikorosho. Msimu uliopita nguruwe pori walimfukulia karibu nusu ya mihogo kabla haijakomaa. Alipiga madebe, akawasha moto, akatundika nguo kuukuu kwenye vijiti. Nguruwe wakazizoea zile nguo kama majirani. Akavumilia mpaka alipofikia umri ambao sheria inamruhusu mtu kumiliki silaha, ndipo akaanza safari ya makaratasi: barua ya serikali ya kijiji, kamati ya usalama, alama za vidole, mafunzo polisi.

"Mjomba, nataka unisaidie kuchagua," alisema.

"Kuchagua nini? Utachukua yangu. Tutaihamishia kwako kwa utaratibu."

Akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, Mjomba." Nami nikaichukua sauti ile kuwa ni shukrani.

Kibali cha mazoezi kilipotoka tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa polisi. Mkufunzi alikuwa sajini mmoja mpole, mtu wa bara. Alibandika boksi kwenye mti, mwendo wa hatua thelathini. Mpwa wangu ni mfupi, na mikono yake ni mifupi vilevile. Kitako cha bunduki yangu kilimkwama kwapani kila alipojaribu kukipandisha begani. Alipofyatua alirudi nyuma hatua mbili, na lile boksi halikupata hata tundu. Akapiga tena. Akapiga mara kumi. Kwenye boksi tulikuta matundu matatu ya marisau, zile chembe za risasi, yote pembeni, kama yaliyopita kwa bahati mbaya.

"Utazoea," nikamwambia.

Sajini aliangalia chini, akaanza kuokota maganda ya risasi.

Jioni ile mpwa wangu alilala kwetu. Mke wangu ndiye aliyemwona wakati anabadili nguo, akaja kunisimamia mlangoni mikono kiunoni.

"Bega la mtoto limekuwa jeusi kama zambarau. Umempeleka kujifunza au umempeleka kupigwa?"

Nilipomuuliza mwenyewe kwa nini hakusema, alijibu, "Niliona unaipenda sana hiyo bunduki, Mjomba. Nikaona aibu kuikataa."

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa sijamchagulia yeye. Nilikuwa nimejichagulia mimi, nikamtwisha yeye.

Basi tukaanza upya. Mfanyabiashara mmoja wa Shangani alikuwa anauza yake, ya mtutu mmoja, ile ya kuvuta kwa mkono ili kupandisha risasi nyingine. Aliisifu kama anaozesha binti. Nilimwambia mpwa wangu ailenge ukutani, tupu, huku mimi nikihesabu polepole. Sikufika kumi na tano, mdomo wa bunduki ukaanza kushuka wenyewe. Nilimshukuru yule bwana, tukaondoka. Bunduki ambayo mikono inaichoka kabla hujafyatua ni mzigo tu, hata iwe mpya namna gani.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumtembelea shambani. Tulikuwa tumekaa barazani kwake tunamenya mihogo, na kundi la ngedere likashuka kwenye mkorosho wa karibu. Mpwa wangu alitupa kisu kwenye ungo, akainuka, akaokota jiwe, akalirusha. Lilimpata dume kubwa mgongoni, mbali kabisa, na kundi zima likatawanyika kwa makelele. Alikaa akaendelea kumenya.

Mimi sikuweza kuendelea. Jiwe lile alilirusha kwa mkono wa kushoto.

Nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kwa miaka mingi. Dada yangu alipokuwa mgonjwa, huyu mtoto alikaa kwangu tangu hajaanza shule. Alikuwa anakula kwa kushoto, anashika kalamu kwa kushoto. Nilimkemea. Ilipokuwa haisaidii nilichana kipande cha kanga, nikamfunga ule mkono kiunoni wakati wa kula na wakati wa kuandika, mpaka akahamia kulia. Kwetu tuliona ni malezi mema, na kwa upande wa chakula bado naona hivyo. Lakini kitambaa kile nilikikaza kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe ni wa kushoto."

Alicheka. "Mjomba, mimi sijawahi kusahau. Nilidhani wewe ndiye uliyesahau."

"Sasa kwa nini bunduki unaishikia kulia?"

"Ndivyo ulivyoniwekea begani."

Nilimwambia anyooshe kidole, macho yote mawili wazi, akielekeze kwenye mnazi uliokuwa ng'ambo ya shamba. Kisha afumbe jicho la kushoto. Akasema kidole kimeruka, kimeuacha mnazi. Akafumbua, akafumba la kulia. Kidole kikabaki palepale kwenye shina. Jicho lake linaloongoza lilikuwa la kushoto, na siku zote mimi nilimlazimisha alenge kwa lile linalofuata. Askari mzima, niliyefundisha vijana wangapi, na kipimo cha dakika moja sikukifanya kwa mtoto wangu mwenyewe.

"Nisamehe," nikasema. "Ya bunduki, na ile ya kanga pia."

Alinisogezea ungo karibu, akanipa kisu chake kikali, akachukua changu kilicho butu.

Bunduki tuliyoipata hatimaye ilikuwa ya mama mmoja mjane wa Ufukoni, mwenyeji wa mikoa ya kaskazini, ambaye mumewe alifanya kazi bandarini. Tangu mumewe afariki ilikuwa inatunzwa polisi, na huko ndiko tulikokwenda kuiona. Ilikuwa ya mitutu miwili kama yangu, lakini ya namba ishirini. Kwenye shotigani namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo, kwa hiyo yake ilikuwa nyembamba, nyepesi, na risasi yake haisukumi bega sana. Ukiikunja, maganda yanatoka moja kwa moja nyuma, na kitufe cha usalama kiko juu katikati. Mtu wa kulia na wa kushoto kwake ni sawasawa.

Mama yule alimtazama mpwa wangu kuanzia kwenye kanda mbili mpaka kwenye mtandio.

"Unaitakia nini, mwanangu? Maana sitaki iende kwa mtu wa kutishia watu baa."

"Mihogo yangu, mama. Nguruwe wananimalizia."

"Ah. Basi chukua."

Kitako bado kilikuwa kirefu. Utaratibu ulipokamilika tulikipeleka kitako peke yake kwa fundi mmoja Mmakonde anayechonga vinyago. Aliugusa ule mti, akaunusa, akasema hajawahi kuukata mti wa namna ile. Akapima mkono wa mpwa wangu kutoka kiwiko hadi kidole, akakata upana wa vidole viwili, akalainisha mpaka usingejua palipokatwa.

Tukarudi kwa sajini. Safari hii aliiweka begani kushoto. Risasi ya kwanza ilichana boksi katikati. Ya pili ikaliangusha.

"Mzee," sajini akaniambia, "kumbe ulikuwa unatufichia."

Nguruwe wa kwanza mpwa wangu alimpiga asubuhi moja, jua limeshatoka, baada ya afisa wanyamapori kumpa ruhusa. Nilikuwapo. Nguruwe alijitokeza kwanza upande wa njia ya watu, na mpwa wangu akashusha mtutu, akasubiri. Nilijivunia kusubiri kule kuliko kupiga kwenyewe. Mnyama alipogeuka na nyuma yake kukawa na kichuguu tu, ndipo alipofyatua.

Sisi ni Waislamu, hatukumgusa. Alimpigia simu mwalimu mmoja wa shule ya jirani, Mkristo, akaja mbio na bodaboda mbili, walimu wenzake watatu na gunia. Walishukuru kama watu wa harusini. Mmoja akauliza kama kesho pia atawinda.

"Kesho napalilia," mpwa wangu akamjibu, akafungua bunduki, akatoa maganda, akaingia ndani kuifungia kwenye sanduku lake la chuma.