Siku Nilipowakimbia Askari Bure

Kabla sijaokoka nilikuwaga napika gongo, ile pombe haramu, kule Buhemba, na wachimbaji wa dhahabu walinijua kuliko walivyomjua mchungaji. Nilipobatizwa ziwani Musoma niliacha kabisa, nikaanza kuuza uji wa ulezi palepale uani kwangu.

Wiki ya pili, asubuhi, niliona askari wawili wanaingia. Sikufikiri. Nilitupa upawa, nikaruka ua wa minyaa na kujikunyata kwenye mihogo ya jirani, bibi mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuwa anapalilia.

"Mwanangu, unakimbia nini?"

"Polisi, mama!"

"Kwani siku hizi uji nao umekuwa kosa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Moyo wangu ulikuwa umeokoka, lakini miguu haikuwa imepata habari.

Nikarudi kwa kupitia njiani, majani yakiwa yamejaa kichwani. Askari mmoja, ambaye zamani alimwaga chini pipa langu zima la gongo, akauliza, "Unatoka wapi?"

"Nilikuwa natoroka, afande. Nilisahau kwamba niko huru."

Walicheka, wakaketi, wakaagiza uji. Nikawamiminia, na kwa mara ya kwanza nikakaa nao bila kuutupia jicho ule ua wa minyaa.