Yule Mmarekani Hakufika Mombasa

Simsingizii shetani. Kosa nililifanya mimi, tena nikicheka.

Mimi ni yaya kwenye nyumba moja hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour. Mtoto wa nyumba, Nura, nilimpokea bado yuko kwenye nepi. Aliniamini kuliko alivyomwamini mama yake mzazi.

Sasa, shuleni wakapewa kazi ya wasafiri wa kale. Nura akapata bwana mmoja tajiri wa Marekani, mwanasayansi wa karne ya kumi na tisa, aliyezunguka Ulaya akigonga majabali kwa nyundo na kupima baridi ya milima ya Uswisi. Tulimsoma pamoja jikoni, tukampenda. Mawe yake alikuwa akiyatia kwenye soksi za mkewe! Tulicheka mpaka machozi.

Lakini safari yake ilikuwa inaishia melini, anarudi kwao, na mimi nilikuwa nimekumbuka kwetu. Nikamwambia Nura, "Unajua alipitia Mombasa? Alikula mahamri mtaani kwetu, akaokota na jiwe." Mtoto akafurahi, akaandika yote.

Siku ya kusoma mbele ya wazazi, mwalimu akamuuliza taratibu, "Mtu anatoka Ulaya kwenda Marekani, Mombasa anapitaje?"

"Dada ameniambia," Nura akajibu, wala hana wasiwasi.

Ukumbi ukacheka. Madam, mama yake Nura, akanigeukia pale pale, uso umemwiva kwa aibu. "Wewe ndiye uliyemwambia hivyo?"

Jamani, niliogopa. Niliona kazi inaenda, naona na karo ya wanangu. Nikasema, "Hapana, Madam. Amechanganya mwenyewe."

Nura hakulia. Alinitazama tu, kisha akakunja karatasi yake akakaa. Kwenye gari alisogea mpaka dirishani, na nilipomshika mkono akautoa. Nimeshamuomba msamaha mara nyingi. Ananiambia, "Sawa," basi.

Dada zangu mnaolea watoto wa watu huku Ghuba, nawasihi. Ukimdanganya mtoto na ukabanwa mbele za watu, sema ni wewe, hata kama utapandishwa ndege kesho yake. Usimwache asimame peke yake na uongo wako.

Mimi kazi bado ninayo. Nampikia, nampigia sare pasi, nampeleka shule. Akitaka kujua jambo, siku hizi anakwenda kumuuliza dereva.