Kalkuleta Iliyopigwa Mnada

Watu wakiona cheti changu pale ukutani huniuliza, fundi, hiki ulikisomea wapi? Huwa najibu kwamba nilikisomea kwenye meno ya mamba, nao hucheka wakaendelea na shida zao. Leo nitaeleza, na walionitia kwenye hayo meno nitawataja. Majina yao siandiki, kwa sababu wawili kati yao bado tunakaa nao benchi moja misibani, lakini wakisoma watajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu. Wa pili ni mzee wa kanisa. Wa tatu ni herufi nzito.

Mimi ni darasa la saba. Kusuka mota nilijifunza Ngarenaro kwa kuungua vidole, katika karakana ya Singasinga mmoja aliyezaliwa hapa hapa Arusha, na baba yake hapa hapa, tena anayetukana kwa Kiswahili kunishinda mimi. Miaka kumi na minane nilikaa meza ya mbele, meza ya fundi mkuu. Mota ikiungua inaletwa, naifungua, naondoa waya ulioungua, nahesabu mizunguko yake, nasuka upya. Katika miaka yote hiyo hakuna mota iliyoniuliza cheti.

Halafu likaja soko huria. Mashamba yaliyokuwa ya kahawa yakageuka ya maua, pampu zikashushwa mpya zinang'aa, na meneja wa shamba moja akamwambia tajiri wangu kuwa kila mota itakayotoka kwetu iwe na karatasi, na karatasi isainiwe na mtu mwenye cheti cha uhandisi. Tajiri akaniita.

“Fundi, unacho cheti?”

“Ninacho cha ubatizo.”

“Usinichekeshe, nina presha.” Akanieleza kwamba mpwa wake yuko ng'ambo, na chuo chake kinafundisha mashine za umeme kwa intaneti wakati wa likizo yao. “Hawaulizi umesoma mpaka wapi, wanauliza kadi ya benki, na kadi ni yangu. Ukipata cheti, meza hii ni yako mpaka uzikwe. Ukikosa, mwezi wa tisa naleta kijana wa chuo, wewe utamshikia tochi.”

Akafungua droo akatoa kalkuleta. Ilikuwa ya marehemu baba yake, nyeusi, kitufe cha saba kimelika mpaka namba haionekani.

“Hii ndiyo iliyojenga karakana. Utarudi na cheti na kalkuleta. Vyote viwili. Ukija na kimoja usipite mlangoni.”

Wenyewe waliiita kozi ya kiangazi. Kiangazi chao ndiyo Julai yetu, Meru imejifunika ukungu hadi kiunoni na mtu unatoa moshi mdomoni kama gari bovu. Nilikuwa nakaa intaneti kafe na koti na kofia ya sufu, na kwenye kioo cha kompyuta kuna picha ya wanafunzi wenye kaptula, wamejilaza kwenye majani. Aliyepata nafasi ya kujilaza katika kozi ile mimi simjui. Somo la muhula mzima lilikuwa limekanyagwa likaingia wiki kumi, kama nguo za msafiri kwenye begi dogo. Jumatatu sura mbili, Jumatano sura mbili, Ijumaa mtihani. Na ukurasa wenyewe ulifunguka taratibu kuanzia juu, kama bibi anayeshuka ngazi, na ukikaribia kuonekana wote umeme unakatika.

Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye maboksi: hiki kishikwe kwa uangalifu, hiki kisilowe. Kwa hiyo dada wa kafe alinichapishia masomo, mimi nikayapandisha nyumbani kwetu, juu kidogo ya Nkoaranga, na huko ndiko alikoingia mshitakiwa wa kwanza. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa mwalimu wa historia sekondari, shule zimefungwa, njaa yake iko wazi. Mke wangu akachinja kuku, shemeji akavaa miwani.

“Shemeji, hapa wanasema kuna mota ya nguvu farasi tano, njia tatu, volti mia nne. Itakula ampea ngapi?”

“Saba na nusu hivi.”

“Umejuaje bila kufikiri?”

“Nilianza kuzishika mota hizo wewe ukiwa unakojoa kitandani.”

“Basi andika. Dada, lile paja bado lipo?”

Yale nisiyoyajua kwa mkono niliyasoma. Kanuni nilizikariri nikipanda na kushuka mlima, mpaka akina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe wakawa wananipisha njia wakidhani nimerogwa. Kisha napiga hesabu kwenye kalkuleta, jibu linatoka, naandika jibu. Ijumaa matokeo yanakuja: kila swali alama ya vema, na chini kabisa, nne kati ya kumi. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya sita hivyo hivyo. Kazini mafundi wakaanza kuizungukia meza yangu kwa macho ya watu wanaopima chumba cha kupanga.

Aliyeniokoa ni dada wa kafe, siku moja akinisaidia karatasi iliyokwama kwenye printa.

“Baba, mbona hapa wamekuandikia kila ukurasa, kwa herufi nzito? Onyesha hatua zote. Jibu lisilo na hatua halipati alama kamili.”

Nilipanda Nkoaranga siku hiyo bila kuhisi mwinuko. Shemeji alikuwa kibarazani akichokonoa meno, na meno yenyewe yalikuwa yamejaa kuku wangu.

“Hii sentensi umeniruka nayo wiki sita!”

Akavaa miwani, akaitazama. “Hii ya herufi nzito? Nilidhani ni tangazo.”

Basi nikaanza kuonyesha hatua, ila hatua zenyewe sikuzijua, kwa sababu zilikuwa zinafanyika ndani ya kalkuleta. Niliandika: Hatua ya kwanza, nilishika mota. Hatua ya pili, nilijua. Mwalimu wetu wa ng'ambo, mama mmoja mwenye udaktari, alinirudishia alama ya kuuliza peke yake. Baadaye ikaja barua pepe. Kwa muda wote huo, alisema, amekuwa akijiuliza kama majibu ni yangu au nafanyiwa. Kwa hiyo mtihani wa mwisho ndio utakaoamua kila kitu. Nitaufanya mbele ya msimamizi, mtu anayeheshimika katika jamii, asiye ndugu yangu.

Kwetu ukisema mtu anayeheshimika hakuna haja ya kupiga kura. Ni mzee wa kanisa. Nilikwenda kwake na sukari kilo mbili.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nimesikia unasomeshwa na kompyuta. Haikuumi macho?”

Akakubali. Shemeji akamsomea barua ya masharti, moja baada ya jingine, akimtafsiria kwa sauti ya kwaya. Sharti moja lilikuwa kwa herufi nzito. Lilisema mtahiniwa anaruhusiwa kalkuleta na karatasi za kukokotolea. Msomaji, huyu ni mtu aliyekuwa ameshagombezwa kwa kosa hilo hilo, tena kwa kuku huyo huyo. Akaliruka.

Siku ya mtihani mzee alifika kafe na suti ya Pasaka, Biblia na mwavuli. Mtihani ni saa mbili tangu unapofunguliwa. Dada wa kafe akabofya, saa kwenye kioo ikaanza kurudi nyuma, nami nikanyoosha vidole.

“Simama,” mzee akasema. “Hakuna linaloanza bila maombi.”

“Mzee, imeshaanza!”

“Basi imeanza vibaya. Tuombe.”

Akaomba. Alimwombea mwalimu wa ng'ambo na uzao wake. Aliombea bei ya kahawa, barabara ya kupanda kwetu, wagonjwa wa hospitali kwa wodi zao, na pampu ya maji ya usharika iliyoungua tangu kabla ya Pasaka, akina mama wanateseka. Wazungu wawili wenye mabegi waliokuwa wakiandikia kwao walisimama wakainamisha vichwa, wakidhani kuna msiba. Mimi nilifumba jicho moja. La pili lilikuwa kwenye saa. Amina ilipotoka zilikuwa zimekwenda dakika ishirini na mbili.

Nikaketi, nikavuta kalkuleta. Mkono wenye saa ya dhahabu ukashuka ukaichukua.

“Na hii je? Mashine ikufikirie, wewe uje kuchukua cheti?”

“Inaruhusiwa mzee! Imeandikwa!”

“Nilisomewa masharti yote jana. Halimo.” Kalkuleta ikaingia mfuko wa ndani wa koti. Akakusanya na karatasi zangu tupu, akazikalia. “Na mtahiniwa hasemi.”

Nilimtazama. Nikatazama kioo. Swali la kwanza lilikuwa na namba za desimali kama kokoto. Sina mashine, sina karatasi, na kiganja nilichotaka kuandikia kilikuwa kinavuja jasho. Mahali pekee palipobaki ni kile kisanduku cha kuandikia jibu. Basi nikafanya humo humo. Nikaandika kanuni, chini yake namba, chini yake kuzidisha kwa mstari kama tulivyofundishwa darasa la nne, saba mara nane hamsini na sita, naandika sita, nachukua tano. Nilibonyeza kwa vidole viwili, nikigawanya, nikikosea, nikirudia, kila kitu kimeachwa pale pale kama uchafu wa fundi asiyefagia. Saa ilipogonga sifuri swali la mwisho lilikuwa halijaguswa. Nikajua nimekwisha. Nilishaanza kuwaza tochi.

Nikageuka niombe angalau kalkuleta yangu. Mzee alishaondoka. Nikamfuata nyumbani, nikaambiwa amekwenda Olmotonyi kwa binti yake kupumzika, kazi ya usimamizi imemchosha. Koti je? Ameondoka nalo.

Wiki mbili baadaye dada wa kafe alinisomea matokeo, pamoja na herufi nzito zote. Nimefaulu, kwa alama ambayo ukipiga chafya inadondoka. Chini mwalimu ameandika: “Sasa naamini ni wewe. Nimeona hatua zako zote, hata ya saba mara nane.”

Kilichobaki ni kalkuleta. Jumapili ile mzee alikuwa amerudi, na koti lilikuwa mwilini. Mke wangu akaniambia twende mbele kutoa shukrani, nami nikasema twende, nitaikaribia.

“Wapendwa,” mzee akatangaza, “kijana wetu huyu ni darasa la saba. Nilimwombea mimi mwenyewe, dakika nyingi...”

“Ishirini na mbili,” nikasema.

“Dakika ishirini na mbili, na Bwana ametenda! Na chombo alichokiacha ili amtegemee Mungu, hiki hapa, amekitoa sadaka.” Akachomoa kalkuleta ya marehemu baba wa tajiri, akaiweka madhabahuni katikati ya mayai na mkungu wa ndizi. Vigelegele.

Kwetu kitu kikishawekwa pale hakirudi kwa mkono. Kinarudi kwa mnada, nje, baada ya ibada. Na dalali wa mnada ni nani? Mzee. Yakaenda mayai, ukaenda mkungu, akaenda jogoo aliyekuwa akibishana na mahubiri. Ikainuliwa kalkuleta. Nikataja bei ya haraka, nikasogea kuichukua.

“Naongeza!” Ni shemeji.

“Wewe unafanya nini?”

“Nanogesha, shemeji. Ni kazi ya Bwana.”

Nikaongeza, akaongeza. Mifuko yangu ikafika kwenye bitana. Mzee aliisubirisha ile kalkuleta hewani, akanitazama kwa upole ambao mpaka leo unaniwasha.

“Mhandisi, huna kitu kingine cha kumpa Bwana?”

Usharika mzima ukageukia nyumba ya pampu.

“Nitaisuka ile mota,” nikasema.

“Bure?”

“Bure.”

“Na waya?”

“Na waya wangu.”

“Imekwenda!” Hakuhesabu hata ile moja, mbili, tatu ya mnada.

Jumatatu tajiri alipokea kalkuleta kwanza. Akabonyeza saba, akaona inaitika, akaibusu, ndipo akatazama cheti. “Kaa mezani kwako, fundi.” Meneja wa maua alipokuja hakukisoma. Aliuliza tu nani anasaini, nikanyoosha mkono.

Jumamosi nikapanda na waya wa shaba begani. Mzee alikuwa mlangoni pa nyumba ya pampu, kofia mkononi, akina mama na ndoo zao nyuma yake.

“Tuombe kwanza,” akasema.

Safari hii niliacha macho yote mawili wazi, na yote mawili yalikuwa kwenye mifuko ya koti lake.