Mahakama ya Dirisha la Dawa

Dada yangu mkubwa anauza dawa, na kwa miaka kumi na mmoja watu wamemwita Mahakama. Hakuna anayepata hata kidonge cha mafua dirishani kwake bila kuhojiwa. Unatumia dawa gani nyingine? Una presha? Unafanya kazi gani? Wateja wanahema, wanatazama juu, wengine wanamjibu jeuri. Yeye wala hajali. Ana kichwa kigumu, nami nakijua vizuri kwa sababu ndiye aliyenilea.

Msimu huu wa mafua mwenye duka alimchoka. Wateja walikuwa wakivuka barabara kwenda duka la pili, ambako unanyoosha kidole tu, unapewa. Jumatatu akamwambia waziwazi: akiendelea na maswali yake, Ijumaa atapewa barua ya kuachishwa kazi. Dada ana watoto watatu shuleni na hana kazi nyingine. Nilimsihi alegeze kamba kidogo. Alinitazama kama niliyemwomba auze sumu.

Alhamisi nilimpeleka kwake fundi mkuu wa kiwanda chetu cha mbao, mzee anayeendesha msumeno mkubwa. Pua imeziba, macho mekundu, hasira tele.

"Nipe vile vya mafua, mwanangu, nirudi kazini."

"Pole, baba. Unatumia dawa gani nyingine?"

"Situmii dawa."

"Hata moja?"

"Nimesema situmii!"

Walio nyuma yetu wakaanza kuguna. Mwenye duka akachungulia kutoka ofisini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada akaegemea dirisha, akashusha sauti.

"Sawa, baba. Asubuhi ukiamka, unameza nini kabla ya chai?"

"Aa, kile cha presha. Kile si dawa, nimeshakizoea. Mwaka wa tisa huu."

"Na jioni?"

"Kimoja tu cha mzio, kwa ajili ya vumbi la mbao."

Hilo ndilo kosa letu pale kiwandani. Dawa kwetu ni ile unayomeza ukiugua. Unayomeza kila siku tunaihesabu pamoja na chumvi.

Dada akamweleza taratibu. Vidonge vile vya mafua vina vitu viwili ndani. Kimoja kinazibua pua kwa kubana mishipa ya damu, na papo hapo kinaweza kupandisha presha. Kingine kinakausha makamasi na kuleta usingizi, na hicho cha mzio anachomeza jioni ni cha ukoo huohuo.

"Utasinzia mbele ya msumeno, baba."

"Nimeshasinzia," mzee akasema. "Asubuhi huyu mdogo wako alinipa viwili vyake vya mafua."

Dada akanigeukia. "Wewe! Nani amekupa udaktari?"

Akamfunga mzee kipimo cha presha mkononi: mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Mwenye duka alikuja akaisoma namba ile, akarudi ofisini. Mimi nilimpeleka mzee hospitali. Daktari alimlaza. Aliniambia kwamba mzee angeongeza vingine viwili siku ile, huenda tungekuwa tunazungumzia kiharusi. Nilitoka nje, nikalia.

Ijumaa asubuhi dada alikuta barua iko tayari, imo mkononi mwa mwenye duka. Kabla hajaipokea, kiwanda kizima kikaingia. Ilikuwa saa yetu ya mapumziko. Watu wana vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, na kila mmoja amebeba vidonge vyake, wengine kwenye leso, wengine kwenye kopo, mmoja ndani ya soksi. Mbele yao alisimama mke wa fundi mkuu.

"Mume wangu anaendelea vizuri. Amekutumia hawa," alimwambia dada. "Wote wanasema hawatumii dawa."

Duka zima likaangua kicheko. Foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani, hadi muuzaji wa duka la pili akatoka nje kushangaa. Nilijivunia dada yangu.

Mwenye duka alibaki amesimama na barua yake, hajui aiweke wapi.

"Naomba kiti," dada alisema bila kumtazama. "Hawa ni wengi, na sitaruka hata mmoja."

Mwenye duka akaikunja barua, akaitia mfukoni. Kisha akaingia ofisini, akatoka akisukuma kiti chake mwenyewe, kile cha magurudumu.