Siku Niliyodai Wali Wangu Urudishwe

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaikwepa njiani kama nilivyozoea. Mchana wa Krismasi moja, miaka ya mwanzoni mwa themanini, nilipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu Ngokolo nikiwaomba majirani wanirudishie wali tuliowapelekea. Sisemi sahani. Nasema wali wenyewe, pamoja na mchuzi wake, na kipaja cha kuku kama bado kilikuwepo.

Kwetu hata sahani hairudi tupu. Jirani akikuletea chakula unakaa na sahani yake siku tatu, nne, mpaka upate cha kuweka ndani: karanga, matobolwa ya viazi vikavu, hata nyanya mbili. Sasa fikiria mtu mzima, mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, anasimama mlangoni kwako na kusema, "Samahani, ule wali, mmeshaula?"

Kosa lilikuwa langu, na lilianza siku mbili kabla ya sikukuu, siku lori lilipotuletea mchele kutoka Ushirombo.

Ile ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na mchele ulikuwa kitu cha kusimuliana. Mama mkwe wangu alikuwa na kijaruba chake cha mpunga huko kwao Ushirombo, na mwaka ule kilimkubali. Akatuma debe zima la mchele ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona kwa mkono. Utingo aliyeuleta alitamka na salamu zake kama alivyokaririshwa: "Bibi anasema msile peke yenu. Mle na watu."

Nilikuwa peke yangu nyumbani. Hilo si ajabu. Mimi ni mtu wa nyumbani, tena wa kupindukia. Nikitoka kazini kwenye kinu cha pamba, nilikokuwa karani wa mizani, narudi moja kwa moja kwenye kiti changu. Mke wangu alizoea kusema kwamba akitaka kujua kama niko hai anatazama kiti. Basi siku ile nikaona mfuko umechanika kwenye kona na mchele unavuja, nikajiambia, leo nitaonekana wa maana. Nikaingia stoo, nikapapasa ukutani kwenye msumari tulikotundika magunia, nikachukua la kwanza lililonigusa mkono, nikamimina mchele humo. Mke wangu aliporudi akanisifu. Sifa ni kitu kizuri kwa mtu asiyeizoea; nililala kama mfalme.

Asubuhi ya Krismasi wakaenda misa, yeye na watoto wetu wanne, wote wameshonewa kitambaa kimoja cha maua, shati kwa gauni, utadhani timu ya mpira imetoka kwenye pazia. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Nyumba haikuwa na hatari yoyote, lakini niliilinda. Jirani yetu fundi viatu, Mwislamu kutoka Kigoma, alikuja kutuchinjia jogoo, maana tulizoea hivyo: akichinja yeye, wote tunakula bila mtu kuuliza. Alimchinja, akafuta kisu, akanitania: "Bwana, nakuona hapo ulipokaa ndipo nilipokuacha Idi."

Kufika saa saba chakula kilikuwa tayari. Mke wangu akapakua kwanza sahani za majirani, kama mama yake alivyoagiza. Moja kwa fundi viatu na mkewe. Moja kwa kijana mchimbaji aliyepanga chumba cha uani kwa fundi, aliyekuwa amerudi juzi kutoka machimbo ya upande wa Geita. Na moja kwa bibi wa nyumba ya mwisho, mjane aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko kivuli cha jioni. Watoto wakazipeleka, zimefunikwa vitambaa. Mimi nimekaa kitini, harufu inanijia, watoto wanacheka, na moyoni nikasema asante Mungu, asante mama mkwe, asante hata na lile gunia.

Gunia.

Nikakumbuka. Msumarini kulikuwa na magunia mawili. Moja lilikuwa la michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha. Jingine nililileta mimi mwenyewe mwezi wa kumi na moja, likiwa na mbegu za pamba za kupanda kwenye ekari yangu moja. Mbegu zile zilikuwa zimepakwa dawa. Bwana shamba alitupanga mstari akatuonya: kuku akidonoa, atakufa, na gunia la mbegu lisitiwe chakula, lichomwe moto. Sikulichoma. Miaka ile nani alichoma gunia? Nililichora msalaba mkubwa kwa mkaa, nikalitundika mbele ya lile la michembe, nikajisifu kwa akili. Na juzi, gizani mle stoo, nilikuwa nimechukua la mbele.

Niliondoka kitini taratibu, kama mtu anayekwenda kutafuta kiberiti. Stoo, msumari ulikuwa mtupu. Gunia la pili halikuwepo. Lile lenye mchele uliobaki lilikuwa sakafuni, na ubavuni mwake kulikuwa na weusi. Msalaba uliofutika? Masizi tu? Nikalinusa. Lilinuka gunia. Nikanusa tena, likanuka dawa. Nikanusa mara ya tatu, likanuka msiba. Sekondari nilisoma kemia kiasi cha kunitisha, si kiasi cha kunisaidia.

Nilirudi mbio. Mke wangu alikuwa anataka kuwapakulia watoto.

"Msile!" nikasema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Ningesema ukweli. Lakini nilimtazama alivyovaa kanga yake mpya, na sikutaka kuzipoteza sifa alizonipa juzi. Nikasema, "Tuwasubiri wageni."

"Wageni gani? Wewe una wageni?"

"Mke wangu, nakuomba. Mtu asiguse sufuria mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi?" Akasimama kabisa. Naamini swali hilo hakuwahi kuniuliza siku ya sikukuu tangu tuoane.

Kabla sijajibu, nikamwona kitinda mimba wetu pembeni ya jiko, shavu limevimba, anatafuna ukoko. Nilimtoa ukoko mdomoni kwa kidole, nikachukua kikombe cha maziwa yaliyowekwa kwa chai ya jioni, nikamnywesha yote. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba maziwa huzuia sumu. Mama yake akanitazama, akatazama kikombe, akasema polepole, "Leo una nini wewe?"

Nikatoka.

Kwa fundi viatu walikuwa wamekaa mkekani, mkewe anamimina maji ya kunawa. Sahani katikati, bado imefunikwa. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

"Karibu! Karibu! Jamani, ametoka!" fundi akapiga kelele. "Mke wangu, tazama nani ametembea."

"Nimekuja mara moja tu," nikasema. "Huo wali... umekosa chumvi. Nimetumwa niurudishe tuutengeneze."

Kicheko kikamkauka. "Chumvi ipo humu ndani, bwana."

"Hapana, ni... mke wangu hataki mle hivyo."

Akatazamana na mkewe. "Jogoo nimemchinja kwa mkono wangu," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kama kuna neno tumewakosea, sema. Usipitie kwenye chumvi."

Mkewe akaifunga sahani vizuri zaidi ya ilivyokuja, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima ile inayouma kuliko matusi. Nilitoka nayo ikiwa ya moto mikononi mwangu, na miaka kumi ya ujirani nikaona naibeba humo humo inapoa.

Nikazunguka uani kwa mchimbaji. Mlango wazi. Kijana amelala chali juu ya mkeka, mikono huku, miguu kule, mdomo wazi. Pembeni yake sahani yetu: nyeupe, safi, imerambwa.

Nikamwita. Kimya. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja mbele ya pua yake. Sikusikia kitu. Nikalaza sikio kifuani pake.

"Mzee," kifua kikasema, "unanipekua? Dhahabu sina. Nilishaipekua mwenyewe."

Niliruka nusura niangukie sahani ya fundi. "Unajisikiaje? Tumbo?"

"Tumbo?" Akajinyoosha. "Miezi mitatu niko kwenye duara, mle shimoni, tunachimba na kula ugali kwa chumvi. Leo ndiyo kwanza nimelisikia tumbo. Mwambie mama, Mungu ambariki. Kama kuna ukoko, naupokea."

"Husikii kichwa kuzunguka?"

"Nasikia usingizi. Mzee, kwani vipi?"

Niliwaza, dawa nyingine huchukua saa nzima. Nyingine hulaza kwanza. Nikamwambia asilale, akae, anywe maji. Akanitazama kama mtu anayefikiria kuhama. Nikaondoka na sahani mbili, moja imejaa, moja tupu, nikiwa sijui ipi inanitisha zaidi.

Ikabaki ya bibi. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwangu, na nisidanganye, nilikuwa sijaingia uani kwake tangu masika yaliyopita. Tulisalimiana barabarani, inatosha, nilijiambia. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, sahani mapajani, amefika nusu. Anakula kwa mkono, bila haraka, anatenganisha nyama na mfupa kama anayesoma barua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Haa! Ng'wanone, mwanangu, kuna msiba?"

"Hapana bibi. Nimekuja kuchukua... huo wali."

Mkono ukaishia njiani. "Wali upi?"

"Huo. Umekosa chumvi."

"Mimi sina meno, lakini ulimi ninao. Chumvi ipo." Akatia tonge mdomoni huku ananitazama. "Chakula kikishavuka mlango wangu hakirudi. Umebeba na sahani za wenzangu! Umewanyang'anya? Siku ya leo?" Akatafuna. "Sema ukweli au uniache nile."

Nikamwangalia anachota tonge jingine, na hapo woga wa aibu ukashindwa na woga mwenyewe. Nikaziweka sahani chini, nikakaa kwenye vumbi na suruali yangu ya sikukuu, nikamwambia yote. Mbegu. Dawa. Msumari. Gunia la mbele. Mtoto na ukoko. Nikamwambia nadhani nimeua mtaa mzima kwa mchele wa mama mkwe, na kwamba mke wangu hajui.

Bibi alimaliza kutafuna. Hakupiga kelele, hakutapika. Aliinuka kwa fimbo yake, akasema "Njoo," akanitangulia nyuma ya nyumba, mpaka chooni kwake.

Mlangoni pa choo palining'inia gunia, limefungwa kwa kamba ya katani kama pazia. Upepo ukaligeuza. Katikati yake kulikuwa na msalaba mkubwa wa mkaa, umefifia kidogo tu, ule ule niliouchora kwa mkono wangu.

"Nilimwomba mkeo kitu cha kusitiri choo," bibi akasema. "Akanipa hilo. Akaniambia nisiweke chakula humo, lina dawa. Nikamwambia, chooni nitaweka chakula gani?"

Nililishika lile gunia la choo, wasomaji wangu, nikalishika kama nguo ya mtakatifu. Machozi yalinitoka. Kwa hiyo msumarini lilikuwa limebaki la michembe peke yake, na weusi ule ulikuwa masizi tu. Mwanangu alikula ukoko mzuri kabisa, nami nikautoa mdomoni mwake.

Mke wangu nilipomweleza, akauliza lile swali lililokuwa na majibu yote: "Kwa nini hukuniuliza mimi gunia lilikwenda wapi?"

"Ningekuuliza, ningekuwa nimekiri."

"Kwa hiyo ukaona bora tufe?"

Alicheka baadaye sana, kama mwezi wa pili hivi. Siku ile alinifanyia jambo moja: aliniambia nirudi kwa kila niliyemwendea, nimwambie ukweli kwa mdomo wangu, na nimlete, kwa kuwa wali ulionyang'anywa hautumwi mara ya pili. Kwa fundi ndiko kulikonishinda zaidi. Nilipofika kwenye habari ya gunia la chooni, aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe alikuwa amekufa kwa kicheko. Mkewe akabeba bakuli la tambi, maana hakuweza kuja mikono mitupu hata kwa mtu kama mimi. Mchimbaji alikuja na njaa yake. Bibi alikuja na nusu yake ya sahani, kwa kutoniamini.

Tukatandika mikeka miwili uani. Watoto na maua yao, wali umepoa, mchuzi ukapashwa upya. Kila mmoja wa wanangu nilimtazama akimeza, tonge kwa tonge, na nadhani sijawahi kushukuru hivyo maishani, wala sijui kama shukrani ile ilitofautiana na hofu. Nikasimama niombee chakula. Nikamshukuru Mungu kwa mchele, kwa mama mkwe, kwa majirani, kwa ukoko, kwa masizi, nikaanza na magunia, na nadhani ningefika kwenye lori na utingo wake kama bibi hangenikatiza.

"Kaa chini, wali umeshapoa mara mbili kwa ajili yako. Gunia lako liko chooni kwangu wiki ya tatu sasa. Ungetoka kwenye kiti chako uje kunisalimia hata siku moja, ungeliona."