Maswali ya Mwanafunzi Mwenye Mvi

Kangethe hakuwa mtu wa kujisifu. Lakini kila baridi ilipokaza, akipita Weston Road na mkewe Mumbi, alikuwa na tabia ya kuinua kidevu kuelekea maghorofa yaliyo kando ya mto Humber na kusema, "Lile pale ni langu. Na lile." Mumbi alijua maana yake. Chini kabisa ya majengo yale mlikuwa na mitambo ya kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto. Ukutani, karibu na kila mtambo, kilining'inia kisanduku cha kijivu kisichozidi ukubwa wa Biblia, na ndani yake programu iliyoamua lini moto uwake na lini uzimwe. Programu hiyo aliiandika Kangethe.

Aliiandika kwa C, lugha ya kompyuta aliyojifunza Nairobi ujanani, alipofanya kazi kwa watengenezaji wa mita za umeme. Alipohamia Toronto hakuna aliyetaka kusikia habari za mita zake. Alipakia mizigo kwenye maghala, akalinda milango ya watu. Siku moja, kwenye chakula cha mchana cha kanisa huko Mount Dennis, akamsikia mzee wa Kigoa akiomba chai kwa Kiswahili cha Nairobi ya zamani. Huyo alikuwa Errol Mascarenhas. Alizaliwa Pangani, akaondoka na wazazi wake akiwa mvulana, na Kiswahili chake kilibaki palepale alipokiacha. Errol alikuwa mkuu wa wahandisi katika kampuni ndogo iliyotengeneza visanduku vile vya kijivu.

"Unaijua C kweli," Errol alimwuliza, "au unajua kusema unaijua?"

Jumatatu iliyofuata Kangethe alikuwa kazini.

Miaka ikaenda. Mumbi akapata leseni yake ya uuguzi. Binti yao Nyaguthii akakua akikisikia Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza. Kazini, Errol na Kangethe walikuwa na lugha yao ya pembeni. Wakitaka kusema jambo ambalo wengine hawakuhitaji kulisikia, walihamia Kiswahili kama watu wanaohamia chumba kingine.

Kisha ikaja Januari moja ya baridi kali, na kisanduku cha jengo moja huko Malvern kikanyamaza. Mtambo ulikuwa mzima, ila hapakuwa na wa kuuambia uwake. Watu walilala na makoti, watoto wakiwa katikati. Kesho yake Kangethe akaifungua programu, akaitafuta hitilafu siku nzima, na mwishowe akaiona.

Katika C, mwandishi wa programu huomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, huitumia, kisha huirudisha mwenyewe. Hakuna wa kumkumbusha. Akisahau kuirudisha, nafasi humalizika polepole. Akiirudisha kisha akaigusa tena, anagusa mali ambayo sasa ni ya mwingine, mfano wa mpangaji aliyehama akarudi na ufunguo wa zamani na kuanza kupika jikoni mwa watu. Ndivyo ilivyokuwa. Mstari ule aliuandika mwenyewe, zamani, na ulikuwa umekaa kimya miaka yote.

"Nimeuona," alimwambia Errol. "Ni wangu."

"Kila anayeandika C anao wake," Errol akajibu. "Wako umekutwa na baridi, basi."

Huenda yangeishia hapo, lakini kampuni ilikuwa njiani kuuzwa. Theluji ilipoanza kuyeyuka walikuja wenye mali wapya, na msimamizi waliyemtuma, mwanamke aliyeitwa Alicia, alikuwa ameshaisoma habari ya Malvern. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba programu yote itaandikwa upya kwa lugha mpya, Rust, ambayo makosa ya aina ile haiyapitishi, na kwamba kazi iwe imekamilika kabla ya baridi kurudi. Pamoja naye alikuja Reza, kijana mpole ambaye lugha ile aliijua tayari. Wengine wote watajifunza.

Kangethe hakuogopa. Lugha ni lugha, aliwaza. Aliyejua moja atajua ya pili. Akaanza kukaa maktaba ya Mount Dennis kila Jumamosi asubuhi, kompyuta mezani na kofia begini.

Masharti yalikuwa rahisi kuyasema. Kila kitu kina mmiliki mmoja. Mmiliki akimaliza kazi yake, kitu kinaondolewa chenyewe, hakuna kusahau. Unaweza kukiazima: wengi wakitazame, mradi hakuna anayekibadilisha, na anayetaka kukibadilisha, awe peke yake. Anayeyasimamia masharti hayo ni kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Ukivunja sharti, kompaila inakataa kazi yote.

Na ilimkataa Kangethe. Moyo wa programu yake ya zamani ulikuwa foleni ya kazi za mtambo: fungua valvu hii, subiri, pima joto, washa. Kila kazi ilimjua aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Kwa C aliiandika foleni ile kama mtu anayesuka mkeka akipiga soga. Sasa kompaila ilitaka kujua: kama huyu anamshika yule na yule anamshika huyu, nani mmiliki wa nani? Alirekebisha mstari mmoja, ikakataa mingine. Alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko siku alizobeba mizigo.

"Leo imekataa nini?" Mumbi alimwuliza jioni moja, ametoka zamu, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Nimekabidhi kitu kwa sehemu nyingine ya programu, halafu nikataka kukitumia. Inaniambia si changu tena."

"Na ile C ingesemaje?"

"C haiulizi."

"Ndiyo maana Malvern wakalala na makoti."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu. Kangethe akaketi.

"Kwa hiyo hii mpya haikuamini," Mumbi akasema.

"Haimwamini mtu yeyote."

"Basi usiichukulie vibaya, Baba Nyaguthii."

Lakini aliichukulia vibaya. Alikuwa amezoea mashine inayomtii.

Akaanza kuuliza. Kulikuwa na ukumbi wa mtandaoni ambapo wanaoanza lugha ile huuliza na wajuzi hujibu. Wengi huko hujificha nyuma ya majina ya kubuni. Kangethe aliandika jina lake, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Aliuliza kwa nini akikabidhi kitu hawezi kukisoma tena. Aliuliza, ikiwa lugha haina njia ya kusema "hapa hapana kitu" kama ile ya C, ataonyeshaje kwamba kipimajoto hakikujibu? Akajibiwa kwamba jibu linawekwa ndani ya kitu kama bahasha ambayo huenda ina kitu na huenda haina, na kompaila haitamruhusu kuitumia mpaka aseme atafanya nini kwa hali zote mbili. Hilo lilimfurahisha. Ni wiki ngapi za maisha yake zilipotea kwa sababu programu yake ilisoma mahali pasipo na kitu! Siku ile alitembea mpaka nyumbani badala ya kupanda basi.

Siku za namna hiyo hazikuwa nyingi. Kuhusu foleni yake walimjibu kwamba asiiandike vile, aipange upya. Aipangeje? Hapo majibu yalikuwa marefu, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Ikafika mwezi wa tano, na siku moja, akiwa amechoka, akauliza hivi: kuna neno katika lugha hii, unsafe, la kuiambia kompaila isimame kando, je, kuna ubaya gani nikiiweka programu yangu nzima ndani ya neno hilo?

Mmoja alimjibu kwa upole. Hata humo, alisema, masharti ya kuazima yanabaki palepale. Neno lile linakufungulia milango michache tu, na wa kuilinda milango hiyo utakuwa wewe. Mwingine aliandika kwamba kwa mtindo huo abaki na C yake. Kangethe akawashukuru wote wawili.

Kwenye mkutano wa mwezi wa sita Alicia alieleza kwa nini kazi ilikuwa inachelewa. Akaonyesha maandishi ukutani. Lilikuwa swali lile, neno kwa neno, bila jina.

"Sitaji mtu, na sitaki mtu achekwe," alisema. "Ila muone hatari ilipo. Huyu ana uzoefu wa miaka mingi, na anachoomba ni njia ya kuuzima ulinzi."

Wachache walicheka, vile watu wanavyocheka mkutanoni. Reza hakucheka. Alimtazama Kangethe kidogo, akaondoa macho upesi, na Kangethe akajua kwamba kijana anajua. Errol alikuwa anaitazama meza. Kangethe aliyasoma yale maandishi mpaka mwisho, akagundua kwamba kuna neno alilikosea tahajia.

Wiki iliyofuata kampuni ilimwachisha kazi. Walimwambia kwa maneno mazuri. Errol alijitolea kumpeleka nyumbani, na walipofika karibu na stesheni ya Weston akasimamisha gari na kuzima injini.

"Nani aliwapa lile swali?" Kangethe akauliza.

Errol hakukawia. "Mimi."

Kangethe akamgeukia.

"Alicia aliniuliza kama unajifunza kweli, ama unangoja upepo upite. Nikamwambia, huyu bwana anauliza kila wiki, tena kwa jina lake mwenyewe. Nikampa ukurasa ajionee. Nilidhani nakutetea."

"Halafu?"

"Halafu akarudi akaniuliza kama utakuwa tayari kabla ya baridi."

"Ukasemaje, mzee?"

Errol aliushika usukani, ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Nikasema hapana."

"Ungesema hujui."

"Nilijua. Na wewe ulijua, bwana."

Treni ya uwanja wa ndege ikapita, nyeupe, karibu tupu. Kangethe aliitafuta hasira moyoni akaikosa, na kuikosa huko kukamlemea zaidi. Mtu aliyesema uongo juu yako unaweza kumchukia ukapata nguvu. Errol alikuwa amesema kweli.

"Asante kwa kunileta," alisema, akashuka na sanduku la vitu vyake vya kazini.

Alituma maombi ya kazi kiangazi chote. Na kwa kuwa hakujua kufanya lingine asubuhi, aliendelea na foleni yake. Siku moja mwezi wa nane, kwenye meza ya jikoni, jambo likamfungukia. Kazi zile hazikuhitaji kushikana. Aziweke zote kwenye safu moja yenye mmiliki mmoja, na kila moja ikumbuke tu namba ya jirani yake. Aliandika. Kompaila ikasoma, ikanyamaza, ikakubali. Akaijaribu, foleni ikaenda, mbele na nyuma, bila kosa. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mumbi alikuwa zamu, Nyaguthii alikuwa kwa rafiki yake. Kangethe alikaa akiitazama. Kisha akainuka, akaosha vyombo.

Kampuni moja ya mjini ilimhoji kwa video, vijana wawili. Walimwuliza habari za umiliki na kuazima, akawajibu vizuri, na mmoja wao alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Jibu lilikuja baadaye: walitaka mtu aliyekwisha kuitumia lugha ile kazini. Wengine walimwambia waziwazi kwamba kazi ndogondogo za wanaoanza siku hizi hufanywa na akili bandia, na kazi kubwa wanapewa waliozoea. Yeye alikuwa anayeanza, na kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Wengine aliowaandikia hawakujibu kabisa.

Mumbi aliongeza zamu. Hakulalamika, lakini alianza kupanda ngazi akishika ukuta.

"Jiko la hospitali wanatafuta mtu wa kusukuma mikokoteni ya chakula," alimwambia. "Si ya milele."

"Wewe unaamini si ya milele?"

Mumbi alivua viatu kimoja baada ya kingine. "Mimi naamini nimechoka," alisema.

Kangethe akaichukua kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya heshima na wenzake walikuwa watu wazuri, Wafilipino na Wajamaika wengi wao, na hakuna aliyemwuliza alifanya nini kabla. Errol alistaafu vuli hiyo. Mkewe Joanne alipiga simu kuwaalika kwenye sherehe. Mumbi akasema watakuja, lakini siku ilipofika Kangethe alibaki amekaa kitandani na soksi moja mkononi, na hawakwenda. Baadaye Errol alimwachia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, mrefu, wenye vituo vingi. Kangethe aliusikiliza mpaka mwisho. Hakujua angejibu nini ambacho kingewafaa wote wawili, na siku zikapita, na ikawa aibu kupiga.

Jumapili moja mchana mwezi wa pili, Nyaguthii alitoka chumbani akasimama mlangoni pa jikoni. Shuleni walikuwa wanachagua masomo ya mwaka ujao. Akamwambia baba yake, kwa Kiingereza kama kawaida, kwamba amelitoa somo la kompyuta na kuweka biolojia. Labda afanye uuguzi, kama mama. Akauliza kama amekasirika.

"Sijakasirika," Kangethe akasema. "Biolojia ni nzuri."

Binti hakuondoka. Ilionekana alitaka aambiwe kitu zaidi: abembelezwe, au abishiwe. Alipokuwa mdogo alikuwa akikaa mapajani kwa baba yake akitazama herufi zikikimbia kwenye skrini, na huenda alidhani somo lile lina mwenyewe wa kulitetea. Kangethe alitafuta la kumwambia. Kila neno lililomjia, aliliona kuwa hata yeye haliamini. Alichokihisi ni nafuu, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe hakupanda gari lililopinduka.

"Umechagua vizuri," akasema tena.

Nyaguthii akaitikia kwa kichwa, akarudi chumbani. Mlango ulifungwa taratibu. Kangethe akachomeka pasi, akatandaza mezani sare yake ya jiko la hospitali, akangoja ipate moto.