Mama Kapinga na Kola ya Abakosti

Kwa miaka mitano jina langu halikuwa Chileshe. Nilikuwa Mifuko. Mwenzangu Kunda alikuwa Mikono, Delphine alikuwa Vifungo, na wajane wawili wa mtaa walikuwa Mgongo na Kifua. Hivyo ndivyo Mama Kapinga alivyotuita katika karakana yake ya Naviundu, kila mmoja kwa kipande anachoshona.

Wakati ule wa Zaire tai ilikuwa haramu, na mwanaume wa heshima alivaa abakosti, lile koti la taifa lenye kola ngumu. Bila abakosti, karani wa ofisi ya zone, yaani ya wilaya, hakukuandikisha ndoa. Bila cheti cha ndoa, kazini hawakukupa nyumba ya kambi. Maskini wa kwetu walizeeka na wake zao wakihesabiwa wachumba.

Mama Kapinga, mwanamke wa Kasai mwenye mwili wake na kelele zake, aliona jambo hilo akakasirika. Akaanza kununua salopeti kuukuu, zile ovaroli za wachimbaji wa mgodi wa Kipushi, akazifumua, akazipika kwenye pipa la rangi nyeusi, akazigeuza abakosti ambazo hata mbeba mizigo aliweza kuzilipia. Wafanyakazi aliwatafuta mahali ambapo wengine hawatazami. Mimi aliniokota sokoni nikiuza makaa, sijui hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alinichapa vidole kwa rula mwezi mzima, nami nilimpenda kuliko shangazi zangu wote.

Lakini koti zima hakumfundisha mtu. Zamani, huko Kasai, aliwafundisha wasichana wawili kila kitu, na siku moja wakaondoka na mkasi na wateja.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alituambia. "Kila mutu na kipande yake. Ukimupa mutu kuku muzima, ataruka nayo."

Kola alijiwekea mwenyewe. Ikifika zamu ya kola alivuta pazia, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili tusisikie hata mkasi unakwenda wapi. Sisi tulikaa nje ya pazia kama watu wanaongoja mzazi ajifungue.

Basi mwaka huo maharusi sita walikuwa waandikishwe Jumamosi moja, na mmoja wao alikuwa Jeannot wangu, mfanyakazi wa mgodi. Kambini kwao walikuwa wanafunga orodha ya nyumba siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimechoka kulala nyuma ya kabati la mama mkwe. Kufikia Jumatano makoti sita yalikuwa tayari, yamebaki shingo tu.

Alhamisi asubuhi malori yakaja kukusanya wanawake wakacheze animasyo, zile ngoma za kukisifu Chama, kwa kuwa mgeni mkubwa alikuwa anapita. Tulijificha wote isipokuwa Mama Kapinga, maana mwili ule haukupata pa kujificha. Alipanda lori akitukana. Kosa lake ni kwamba akicheza hajui kucheza vibaya. Wakubwa walivyoona kile kiuno, wakamfanya kiongozi wa mstari, wakamchukua hadi Kipushi kumchezea mgeni siku ya pili.

Ijumaa tulikaa tukitazama makoti sita yasiyo na shingo. Wajane wakaanza kulia. Mimi nilishalia Alhamisi, nikabaki na hasira tu.

"Baba Casimir iko na abakosti," nikasema.

Casimir ni mume wa Mama Kapinga. Alivaa abakosti yake, ya kwanza kabisa kushonwa na mkewe, tangu alfajiri hadi usiku, hata akiwalisha kuku. Tukamkuta uani.

"Baba, tunaomba koti kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Tunataka kuifumua," akasema Delphine, ambaye hajawahi kujua namna ya kuficha neno.

"Mi mutu muzima nikae na singileti mbele ya banamuke batano? Hata!"

"Baba," nikamwambia, "kama haiko koti yako, kesho siolewi. Utaniona hapa na machozi kila siku mpaka ufe."

Alifikiri kidogo, akavua. Tukampa kitenge cha Kunda ajifunike, akakaa katikati ya kuku wake akitazama pembeni.

Nikafumua kola. Ndani yake kulikuwa na kipande cha gunia la unga, herufi za kiwanda bado zinasomeka, kati ya vitambaa viwili vilivyoshonwa kwa upande wa ndani, vikageuzwa, vikapigwa mshono wa juu. Nikatazama. Nikageuza. Nikatazama tena.

Ilikuwa kifuniko cha mfuko! Kirefu zaidi na kimepinda kidogo, basi. Vifuniko vya mfuko nilikuwa nimeshona zaidi ya elfu. Miaka mitano naimbiwa nyimbo za kanisa nyuma ya pazia kwa ajili ya kitu ambacho mkono wangu ulikuwa unakijua! Nilimtukana Mama Kapinga kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili ili wenzangu wafaidi, halafu nikakaa kwenye masini ya kushonea.

Hadi saa kumi na moja jioni kola sita zilikuwa zimesimama. Ya Jeannot ilizidi upana, kwa sababu zote nilipima kwa shingo ya Casimir ambayo ni ya fahali, na Jeannot ndiye mwembamba kuliko wote. Shingo ya Jeannot ilikaa ndani kama mwiko ndani ya sufuria. Ningefanya nini? Kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Jumamosi, maharusi wamejipanga mbele ya karani, lori likasimama nje. Mama Kapinga akaingia, sauti imemkauka, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. Akapita kwa kila bwana harusi, akifinya kola moja moja kwa vidole viwili, na karani mwenyewe akangoja. Alipofika kwa Jeannot, akaingiza mkono mzima.

"Nani alishona?"

"Miye, mama."

"Zote?"

"Zote."

Nikajua nimefukuzwa. Karani akachoka kungoja, akaendelea na karatasi zake.

"Bwana, mufanyakazi wa mine. Bibi, sans profession," akasema, kalamu imeshagusa karatasi, maana ndivyo alivyowaandika wanawake wote, watu wasio na kazi.

"Weye, ngoja!" Mama Kapinga akakwaruza kwa ile sauti iliyobaki. "Andika couturière, fundi wa kushona."

"Citoyenne, iko na ushahidi?" karani akamuuliza, kwa lile neno la serikali la kumwita mwanamke raia.

"Bashahidi ni bale sita, beko na kola yake kwenye shingo. Anajua koti nzima. Andika."

Karani akafuta, akaandika. Mimi nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, hadi Jeannot wa watu akadhani nimeghairi kuolewa.